Ijue Misuli ya Mwili Wako

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mganga mstaafu, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Makere)



Barua ya Katibu iliniomba niseme maneno machache juu ya kazi ya uganga, ili vijana wapate moyo wa kusoma sayansi. Nilifikiri sana niseme nini. Ningeweza kuzungumza habari za vyuo na sifa za kuingilia, lakini hayo mwalimu wa taaluma anayajua kuliko mimi. Basi nimechagua jambo moja dogo ambalo kila mtu hapa amekuja nalo, hata kama ameacha kitabu nyumbani. Nalo ni misuli ya mwili wake.

Najua baadhi ya wenzangu wanacheka, kwa sababu wakitazama matumbo yao hawaoni msuli hata mmoja. (Kicheko.) Msiwe na wasiwasi. Ipo, zaidi ya 600, na uzito wake kwa mtu mzima ni karibu theluthi moja mpaka mbili ya tano ya mwili wote. Mtu mwenye kilo 70 anabeba kilo 25 au zaidi za nyama hiyo kila aendapo, naye hata hajui majina yake.

Kabla sijaanza somo, nitawaeleza kwa nini nimelichagua. Nilipokuwa shuleni nilikuwa hodari wa kukariri. Mchoro wa misuli ulipobandikwa ukutani niliusoma kama mtu anayesoma orodha ya miji mikuu ya Afrika. Niliyataja majina yote bila kukosea, na katika mtihani nilipata alama nzuri. Nikaenda chuo cha uganga, huko nako nikafanya vivyo hivyo. Hakuna siku hata moja niliyoweka mkono juu ya mwili wa mwenzangu nikasema, "Msuli huu unaanzia hapa, unaishia pale." Nilijua majina, lakini mahali pake sikupajua.

Miaka ya 1990 nilipangwa katika zahanati moja ndogo. Msimu wa mvua malaria ilikuwa kali, nasi tulikuwa tunachoma sindano nyingi za klorokwini na kwinini. Siku moja jioni mama mmoja alileta mtoto wa kiume wa miaka kama minne, homa imepanda, anatapika kila anachonywa. Mtoto alikuwa analia na kurusha miguu. Mama alimlaza mapajani, mimi nikamchoma sindano ya kwinini kwenye tako. Nilichoma katikati, tena chini kidogo. Mtoto alipiga ukelele mmoja wa ajabu, nami nikadhani ni woga wa sindano.

Homa ilishuka. Siku ya nne mama alirudi. Hakuja kwa ugomvi. Alisema, "Bwana Mganga, homa imekwisha, Mungu akubariki. Lakini mguu umebaki umelala." Nikamsimamisha mtoto. Alipotembea, aliinua goti juu kama anayevuka tope, na unyayo ukaanguka chini, pa! Vidole havikuweza kuinuka.

Nilimwambia mama yule kwamba labda ni malaria iliyoingia kwenye mguu. Haikuwa kweli. Nami nilikuwa nimeanza kujua kwamba si kweli.

Baada ya miezi kadhaa alifika zahanati muuguzi mmoja mzee, mwanamke wa siku nyingi kazini. Nilimweleza habari ile kana kwamba imetokea kwa mtu mwingine. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua chaki, akanigeuza, akachora msalaba juu ya suruali yangu, kwenye tako la kulia. Akasema, "Sehemu ziko nne. Hii ya juu upande wa nje, ndiyo. Hizi nyingine tatu, hapana. Hapa chini unapita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini." Kisha akaniambia niguse. Siku hiyo, nikiwa mganga mwenye cheti, ndiyo kwanza nikajifunza msuli.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sababu. Sasa tuingie katika somo.

Msuli ni nini? Vijana mliowahi kuchinja mbuzi au kusimama mbele ya bucha mnaujua tayari. Ule mnofu mwekundu tunaoula ndio msuli. Ile kamba nyeupe ngumu inayoshinda meno ni ukano, nao kazi yake ni kuufunga msuli kwenye mfupa. Ile nyama ndefu iliyolala pembeni mwa uti wa mgongo, ambayo wenye bucha huiita sarara, na wewe unayo. Jishike kiunoni kwa nyuma, uiname kidogo kisha uinuke. Utahisi matuta mawili, moja kila upande wa uti. Ndiyo sarara yako. Ndiyo inayouma baada ya siku nzima ya kupalilia maharage.

Ipo misuli ya namna tatu. Ya kwanza ni ya moyo, ambayo hufanya kazi usiku na mchana bila amri yetu. Ya pili ni ile laini ya matumbo, mishipa ya damu na kibofu, nayo pia haingoji amri. Ya tatu ni ile iliyofungwa kwenye mifupa, ambayo tunaiamrisha wenyewe. Leo tunazungumzia hii ya tatu.

Shikeni kanuni moja, maana ukiijua hii nusu ya kazi imekwisha: msuli huvuta, hausukumi kamwe. Hata unaposukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kupanda kilima, ndani ya mwili misuli yako yote inavuta. Kwa sababu hiyo misuli imepangwa kwa jozi. Mmoja ukikunja kiungo, mwingine wa upande wa pili hukinyosha. Kwa hiyo ukitaka kujua kazi ya msuli, uliza maneno mawili tu: umefungwa wapi na wapi? Ukijifupisha, mifupa hiyo itasogeleanaje?

Jambo la pili ni majina. Vijana huogopa majina haya kwa sababu ni ya Kilatini na Kigiriki. Lakini waliotunga majina hawakuwa na nia ya kututesa. Walitazama umbo, ukubwa, mahali au kazi, wakaita hivyo, kama sisi tunavyomwita mtu Mrefu au Mkono wa Kushoto. Hata neno lenyewe la Kilatini linalotumika kwa msuli maana yake ni panya mdogo, kwa sababu mtu akikunja mkono huonekana kama panya anakimbia chini ya ngozi.

Sasa simameni wote. Na wazee pia, ila wenye magoti mabaya wakae. Kila mtu atumie mkono wake juu ya mwili wake mwenyewe.

Uma meno kwa nguvu, ukiwa umeweka vidole kwenye pembe ya taya. Kinachovimba ni maseta, msuli wa kutafuna. Panda juu mpaka kwenye kipaji cha pembeni, mbele ya sikio. Uma tena. Hapo pia kuna msuli unaosaidia.

Geuza uso kuelekea kulia. Upande wa kushoto wa shingo utaona kamba nene inatoka nyuma ya sikio inashuka mpaka juu ya kidari na kwenye mtulinga. Jina lake ni refu, sternokleidomastoidi, lakini ni anwani tu: mfupa wa kidari, mtulinga, na kichuguu cha mfupa nyuma ya sikio. Angalieni pia kwamba msuli wa kushoto ndio unaougeuza uso kwenda kulia. Wengi hukosea hapo katika mtihani.

Pandisha mabega kama mtu aliyeulizwa deni. (Kicheko.) Huo unaopanda ni trapezi. Unaanzia kisogoni, unaenda mpaka ncha ya bega, unashuka mpaka katikati ya mgongo. Mabinti wanaotoka kisimani na ndoo mkononi wanaujua kwa maumivu.

Inua mkono kando mpaka usawa wa bega. Nyama inayofunika bega kama kofia ni deltoidi. Imeitwa hivyo kwa sababu ya herufi ya Kigiriki iitwayo delta, yenye pembe tatu. Kumbukeni huu, tutaurudia.

Sasa tuamkiane kama wazee wetu wa Buha wanavyoamkiana, kwa kupiga makofi. (Makofi.) Taratibu, makofi ya heshima. Pigeni tena, lakini safari hii bakizeni viganja vimegusana, mkandamize. Kifua kimekaza. Huo ni pektorali kubwa, nao ndio ukuta wa mbele wa kwapa. Salamu yetu yote imo katika msuli huo. Ukuta wa nyuma wa kwapa ni msuli mwingine, latisimasi dorsi, maana yake mpana kuliko yote wa mgongo. Ukishusha jembe kwa nguvu ndio unaovuta.

Kunja kiwiko. Mbele ni bisepsi, yaani wenye vichwa viwili. Nyuma ni trisepsi, wenye vichwa vitatu. Wengi wanafikiri bisepsi kazi yake ni kukunja tu. Shika bisepsi yako, kunja kiwiko, kisha geuza kiganja kutoka chini kwenda juu, kama anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia. Umeona? Inavimba zaidi.

Tumboni kuna misuli miwili iliyonyooka kutoka mbavuni mpaka mfupa wa kinena, na pembeni yake mikanda mitatu mitatu iliyopandana, nyuzi zake zikienda pande tofauti kama mkeka uliosukwa. Ndani, usioweza kuushika kwa mkono, upo kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, yaani diaframu. Vuta pumzi. Kimeshuka. Ndicho kinachotuweka hai tukiwa usingizini.

Sasa chuchumaa kidogo, kisha inuka, mikono ikiwa matakoni. Huo ni gluteasi maksimasi, msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Ndio unaotupandisha vilima vyetu. Juu yake kwa nje, chini kidogo ya mfupa wa nyonga, simama kwa mguu mmoja uusikie mwingine ukikaza. Ni gluteasi ya kati. Usipokuwapo, nyonga inaanguka kila hatua.

Mbele ya paja ni kwadrisepsi, vichwa vinne, kazi yake kunyosha goti. Mpiga mpira anautegemea. Nyuma ya paja ipo mitatu inayokunja goti. Kaa, bonyeza kisigino ardhini, ushike nyuma ya goti. Utasikia kano mbili pembeni kama nyuzi za zeze. Misuli hii ndiyo huchanika kwa mchezaji anayekimbia ghafla bila kupasha mwili moto. Ukipita mshazari kutoka mbele ya nyonga mpaka ndani ya goti, upo msuli mwembamba ulio mrefu kuliko yote, sartori, maana yake wa fundi cherehani. Mafundi wa zamani walikaa wamekunja miguu kama tunavyokaa mkekani, nao ndio unaosaidia kukaa hivyo.

Nyuma ya mguu ni shavu la mguu. Simama kwa ncha za vidole. Juu ni gastroknemi, maana yake tumbo la mguu, na chini yake solea. Yote miwili hushuka kwa ukano mmoja mnene mpaka kisiginoni. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa anajirusha mbele kwa misuli hiyo hiyo uliyoshika sasa.

Na wa mwisho. Kisigino kikae chini, inua vidole na unyayo juu. Gusa nje kidogo ya mfupa wa ugoko. Huo ni tibialisi ya mbele. Ni msuli mdogo, hakuna anayejivunia. Ndio uliokufa katika mguu wa mtoto yule. Kaeni, asanteni.

Ndugu zangu, mtauliza: sindano ilichomwa takoni, kwa nini akafa msuli wa ugokoni? Hapo ndipo somo la misuli linapokuwa uhai wa mtu. Msuli hauendi wenyewe, unangoja amri inayokuja kwa mshipa wa fahamu. Mshipa uitwao siatiki hutoka ndani ya nyonga, ukapita chini ya gluteasi maksimasi, sehemu ya chini na ndani ya tako, ukashuka nyuma ya paja. Kwa mtu mzima ni mnene karibu kama kidole. Karibu na goti hugawanyika, na tawi moja huenda kuamrisha misuli ya ugoko. Sindano, tena ya dawa kali kama kwinini, ikiuchoma mshipa ule takoni, ni sawa na kukata waya wa umeme mtaa wa juu. Taa inayozimika ni ya nyumba ya chini.

Kwa mtoto mdogo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyama ya tako bado ni chache na mshipa uko karibu. Ndiyo maana mtoto mchanga huchomwa chanjo upande wa nje wa paja, theluthi ya katikati, kwenye kichwa cha nje cha kwadrisepsi. Huko hakuna mshipa mkubwa wa kuogopa. Mtu mzima huchomwa chanjo kwenye deltoidi, vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Na ikibidi takoni, ni robo ya juu upande wa nje. Haya nasema ili mjue, si ili mwende kuchomana sindano. Kazi hiyo ni ya aliyefunzwa. Lakini mzazi anayejua ana haki ya kumwuliza mganga kwa heshima, "Unamchoma wapi, na kwa nini hapo?"

Namshukuru Mungu kwamba mambo yamebadilika. Nchi yetu iliacha klorokwini mwaka 2001, na tangu mwisho wa 2006 dawa mseto ya vidonge ndiyo tiba ya malaria ya kawaida. Kwa malaria kali, artesunati ya sindano imechukua nafasi ya kwinini. Sindano za homa zimepungua sana. Hata hivyo sindano bado zipo, na vijana watakaozichoma wamo humu ndani.

Sasa nawapa vijana njia ya kujifunza, ile niliyoikosa. Msianze na jina. Anzeni na kazi: inua, kunja, geuza, halafu tafuta kinachokaza. Pili, mshike mahali unapoanzia na unapoishia. Tatu, ndipo mliite jina na kuuliza maana yake. Fanyeni wawili wawili, wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana, mmoja apinge kwa mkono wakati mwingine anavuta. Chukueni kipande cha mkaa mchore juu ya mkono wa mwenzenu. Siku ya kuchinja mbuzi, msikimbilie supu. Muombeni mchinjaji awaonyeshe mguu wa mbele kabla hajaukata. Misuli mitano kwa wiki inatosha. Kabla ya muhula kwisha utakuwa na mwili mzima.

Wala msione haya kusahihisha vitabu kwa macho yenu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walifuata maandishi ya Galeni, ambaye alipasua nyani na nguruwe kwa sababu kupasua watu kulikatazwa. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, kijana wa miaka 28, alitoa kitabu chenye michoro ya mwili aliyoipata kwa kupasua maiti kwa mikono yake mwenyewe, akaonyesha makosa mengi ya wakubwa wake. Hakuwa na akili kuliko wote. Aligusa.

Namalizia na yule mtoto. Miaka michache kabla sijastaafu nilimtafuta. Nilimkuta mtu mzima, ana mke na watoto, analima, tena ana baiskeli. Bado anachechemea, na kiatu cha mguu ule huisha mapema mbele. Mama yake alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo yule niliyemdanganya sikuwahi kumwomba radhi. Nilikaa chini, nikamweleza mwanawe yote, tangu sindano mpaka uongo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mzee, siku hizi watoto mnawachoma wapi?" Nikamshika paja, nikamwonyesha. Naye akapatazama pale mahali, akasema, "Basi wafundishe wenzako hivyo."

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na zawadi kubwa ya kuiletea shule yetu. Nimeleta mchoro mmoja wa misuli, wa rangi, wa kubandika katika maabara. Namwomba Mkuu wa Shule jambo moja tu: usibandikwe juu sana. Ubandikwe mahali ambapo kijana anaweza kuutazama huku mkono wake mwingine ukiwa juu ya mwili wake.